Nyuki wa Manjano Mbele ya Mama Mkwe

Saa tisa na robo alasiri, Jumapili, kule kwenye nyumba za reli Nakuru, nilimkalia mama mkwe mapajani, na kwetu Bunyore mama mkwe hata mkono humpi, kwa hiyo pimeni wenyewe hiyo aibu.

Chanzo ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Walikuwa wametoboa nguzo za baraza ya mama, na shemeji yangu Zakayo alikuwa tayari ameshika chupa ya mafuta ya taa awachome wote. Mimi nilijua (nilikuwa nimewachunguza miaka mingi baada ya kazi, bila mwalimu) kwamba hao ndio wanaofanya karakara izae, na matunda hayo ya uani ndiyo yaliyomlisha mama tangu baba mkwe afariki.

"Na yule wa manjano?" Zakayo akauliza mbele ya majirani. "Si huyo ndiye watu husema anaua ng'ombe?"

"Huyo ni dume la hawa weusi. Rangi mbali, ukoo mmoja. Hata mwiba hana. Tazameni!"

Nikamkamata mmoja wa manjano aliyekuwa ndani ya ua la karakara. Sasa, dume ni wa manjano mwili mzima, na huyu nilimwona mgongo tu, tumbo sikulitazama, nikamfumbata kwa madaha kama mtu aliyeshika njugu, akanidunga kiganjani, nikaruka kinyumenyume nikitoa maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua, na kiti nilichoangukia kilikuwa na mama.

"Profesa amehitimu!" Zakayo akapiga kelele.

Mama alinisukuma, akajifunika uso kwa leso, kisha akachungulia kiganja changu. Kilijaa unga wa manjano. Nyuki mwenyewe alikuwa sakafuni, unga umempukutika, mweusi tititi: jike.

"Huo unga ni wa maua yangu," akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu nikitazama ukuta. "Anautoa ua hili, anaupeleka lile, ndipo tunda linashika."

Akamgeukia mwanawe. "Zakayo! Kumbe ndiyo maana upande wa jikoni, ulikowachoma mwezi uliopita, maua yanaanguka tu? Rudisha hayo mafuta kwenye taa! Na nguzo utabadilisha wewe."

"Lakini mama..."

"Nimemaliza. Na huyu mkwe alete jogoo wa kunitakasa kabla jua halijazama."

Msimu ule karakara zilizaa mpaka waya iliyozibeba ikainama, na Zakayo mwenyewe ndiye aliyebeba vikapu kwenda sokoni. Mimi nimeapa: simshiki nyuki kabla sijamwona tumbo, na hata nikimwona, wakwe wawe mbali. Hasara yangu yote ilikuwa huyo jogoo, shilingi tatu za enzi zile.