Usukani Ulinibakia Mkononi

Nyie, mmeshawahi kukata kona na boti, mkanyanyuka na usukani?

Mimi yalinikuta. Abiria wamejaa, naingia gatini, nikasikia kraa. Dashibodi nzima ya faiba ikang'oka, nyaya zinaning'inia, usukani nimeukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ikabidi tuvutwe na boti nyingine.

Gatini alikuwepo shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Boti ni ya mama yao, na kabla yangu aliyeiendesha ni huyo shemeji, mpaka abiria walipochoka kumsubiri amalize usingizi. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Aliwatangazia watu kwamba nina mkono mzito, nakanda usukani kama unga.

Jioni tukaitwa kikao. Mama mkwe akakaa chini ya lile dirisha lililobakiwa na pazia moja. La pili, la maua ya njano, alilolishona kwa mkono wake, lilipotea mwaka jana. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni wa nyumba, basi mwizi nikawa mimi. Hakuna aliyelisema waziwazi, ila nikipita na mfuko, macho ya mama yanapita nao.

Uamuzi ukatoka: boti arudishiwe shemeji. Mume wangu alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

Ile boti ndiyo kazi yangu, na naipenda.

"Mama, dashibodi naitengeneza mwenyewe," nikasema. "Shemeji ailalie na uzito wake wote. Ikitikisika, siugusi usukani tena maisha yangu."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Mama akasema, "Haya."

Kesho yake nikaifungua dashibodi skrubu zilizobakia, moja moja, nikailaza kifudifudi uani juu ya mapipa mawili. Kazi ya faiba nimekulia ndani yake, baba alikuwa anatengeneza matangi ya maji. Anayesema mwanamke hajui, aje anishikie msasa.

Kwa nyuma nikakuta kiraka kikubwa kimepakwa rangi. Nikakigonga, kikalia kama boksi tupu. Faiba iliyoshikana hailii hivyo. Nikakata ukingo wake kwa grainda, nikakibandua.

Nilicheka peke yangu, halafu nikalia kwa hasira. Kiraka nikakitia kwenye mfuko, sikumwambia mtu.

Nikasugua mpaka nikafika kwenye faiba safi. Nikatandika kitambaa cha nyuzi, nikakilowesha gundi iliyochanganywa na dawa ya kukaushia, nikabonyeza kwa brashi mpaka mapovu yakaisha. Likikauka tabaka moja, juu yake jingine. Pale unapokaa usukani nikazika ubao wa plaiwudi na kuufunika wote, maji yasiupate. Mikono iliniwasha vibaya mno, na sikujikuna mbele ya shemeji.

Siku ya kuipima, dashibodi nimeshaifunga botini na mama amekuja kushuhudia, shemeji alikuja na wapambe wake. Akautikisa usukani. Akakanyaga chini, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akailalia dashibodi na lile tumbo lake lote. Haikusogea hata kidogo.

Akanyanyuka anajifuta jasho, na badala ya kunyamaza akaanza kujisifu. Eti uimara ule ulikuwa wake tangu zamani, mwaka jana aliiziba nyuma kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokuwa namsubiri.

"Una hakika ni wewe uliyeiziba?" nikamuuliza.

"Sasa nani mwingine?"

Nikatoa kile kiraka kwenye mfuko. Kigumu kama ubao, upande mmoja rangi. Nikakigeuza upande wa pili, nikamkabidhi mama.

Maua ya njano, na upindo wa kushona kwa mkono.

Mama alipitisha kidole kwenye ule upindo taratibu. Shemeji akajitetea kwamba kitambaa cha faiba siku ile kilikuwa kimeisha, na pazia nalo ni kitambaa tu. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, machozi yanamlenga.

"Mwanangu," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Washa boti, unipeleke ng'ambo nikanunue pazia."

Kile kiraka nimekifunga kwa skrubu ndani ya boti, maua yakiwatazama abiria. Shemeji akipanda siku hizi anakaa nyuma kabisa.

Ndugu yangu unayesoma, wakikwambia kitu kimeharibikia mkononi mwako, usikimbilie kuomba radhi. Kigeuze kwanza, utazame nani alikiziba kabla yako.