Bingwa wa Ulezi Jikoni Kwangu

Jamani, kuna watu wanajua kila kitu isipokuwa wanachokula.

Shemeji yangu, mume wa dada, kaja jana kutoka Chala. Kaona chupa ya maji ya chumvi pembeni ya jiko, ninamoangulia vijidudu vya kulisha vifaranga vya samaki. Kwa baridi hii ya Sumbawanga, bila moto mayai hayaanguliki.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtu mzima unafuga wadudu? Lima ulezi, shemeji!"

Haya.

Leo asubuhi nimetoka kununua mkaa. Narudi, namkuta anakunywa uji. Kopo langu la mayai ya vile vijidudu liko mezani, tupu. Mayai yenyewe yana rangi ya kahawia, madogo kama unga.

"Shemeji, uji wa nini huo?"

"Ulezi! Mimi nimezaliwa kwenye ulezi, naujua kwa harufu tu. Huu ni wa kijijini Mwazye kabisa."

Kakomba hadi sufuria.

Samaki wangu wanashinda njaa, bingwa kashiba, yuko sebuleni anawafundisha majirani kilimo.

Sijamwambia.

Sasa anataka nimfungie "ulezi" huo kidogo ampelekee dada. Nimwambie, au niagize kopo jingine?