Sorry ya Mama Musimbi

Kamati ya Wapangaji wa Jengo la Tumaini, Eldoret, imewatangazia wote wanaohusika kwamba mgogoro uliokuwepo kati ya chumba namba sita na chumba namba saba umemalizwa kwa njia ya amani. Kwamba neno la msamaha limetamkwa na limepokelewa. Na kwamba majirani hao wawili wamekubaliana kuendelea kuishi bega kwa bega, kama ilivyokuwa desturi yao. Mwenyekiti, Mwalimu Wabuge, aliyasema hayo akiwa amesimama, miwani mkononi, na waliohudhuria wakapiga makofi.

Chumba namba sita ni cha Wacera. Wacera hufuma masweta ya shule. Kazi hiyo aliitoa Timboroa alikozaliwa, mahali ambapo sweta si nguo, ni kiungo cha mwili. Baba yake alihamia huko kutoka Murang'a kulima viazi, na mama yake akajifunza kufuma kwa sababu watoto walikuwa wanatetemeka. Wacera aliposhuka Eldoret na mashine yake, watu walimwonya kwamba huu ni mji wenye jua, atafunga biashara. Walimwonya mwezi wa pili. Mwezi wa saba walikuwa wamepanga foleni.

Ni mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huyapima. Jumapili hufundisha watoto kanisani kwa Kiswahili cha Biblia, na mtoto aliyewahi kusema kwamba Mungu ni poa alirudishwa kwenye benchi kufikiria upya.

Chumba namba saba kilikuwa cha Kavetsa, mjane wa kutoka Vihiga, ambaye kila mtu alimwita Mama Musimbi. Alikuwa na hoteli ya meza mbili: chai, mandazi, maharagwe, na siku za soko, chapati. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na ukuta wa maana, ilikuwa plaiwudi tu, na miaka mingi iliyopita wanawake hao wawili walikata kidirisha katikati yake ili chai ipite bila mtu kutoka nje. Mwenye nyumba hakuulizwa. Kupitia kidirisha hicho zilipita pia chumvi, sindano na habari za watu wote wa jengo, na ikafika mahali kila mmoja akakijua kikohozi cha mwenzake kuliko cha mtu wa nyumbani kwake. Kwa Wacera hiyo haikuwa kazi ngumu, maana mume wake Gerishon aliishi na viazi Timboroa na kushuka mjini mara moja kwa mwezi.

Mwezi wa nne, shule zikikaribia kufunguliwa, mvua ilipiga ikaingia hadi mezani. Kavetsa akalivuta jiko ndani, akaliegemeza kwenye plaiwudi, akaenda kuinua viti. Upande wa pili wa plaiwudi hiyo lilikuwa limeegemea rundo la masweta ya shule moja ya Moiben, yamekunjwa, yanangoja gari. Moto ulizimwa upesi, kwa maji ya kuoshea vyombo, lakini ulikuwa umeshakula mikono ya masweta na kuacha miili.

Kavetsa aliingia namba sita na aproni imelowa.

"Sorry, Mama Antony," alisema. "Sorry sana."

Hapa inafaa kueleza sorry ni kitu gani mjini Eldoret. Mtu akijikwaa kwenye mtaro anaambiwa sorry na watu ambao hawakuuchimba. Akipiga chafya, sorry. Akinyeshewa, sorry. Akifiwa, sorry, pamoja na mkono. Karani anayekurudisha nyumbani kwa sababu mitambo imelala hukuambia sorry, maana yake uondoke. Asiyekusikia huuliza sorry, na anayetaka kupita katikati yenu huisema akiwa ameshapita. Mwenye pikipiki aliyekukanyaga mguu ndiye pekee asiyeisema, kwa sababu yeye ndiye aliyekosa. Waingereza walituletea neno moja la kufanya kazi ya pole na kazi ya nisamehe. Sisi tulikuwa na yote mawili, kila moja na mahali pake, lakini hilo lao tukalipenda haraka, kwa kuwa halimlazimishi msemaji kuchagua.

Kwa hiyo Kavetsa alisema sorry, na Wacera akasikia pole.

"Pole ya nini?" alisema. "Kwani mimi nimejikwaa?"

"Si nimesema sorry, mama."

"Hata yule wa miwa hapo nje amekuja akasema sorry. Ni yeye alikuwa na jiko?"

Kavetsa alimtazama, akarudi kwake. Asubuhi iliyofuata kikombe cha chai kilipita kidirishani kama kawaida. Wacera hakukigusa. Chai ikaota utando, na jioni akakirudisha kikiwa kimejaa, kisha akachukua kipande cha mbao na misumari, akakipigilia kidirisha.

Ni kweli kwamba Kavetsa alileta nyuzi, za rangi ileile, tena za kutosha. Wacera alizipokea, akafuma, akapeleka Moiben kwa kuchelewa. Mwalimu mkuu wa huko akamwambia sorry, maana yake kwamba muhula ujao wametafuta mtu mwingine. Lakini nyuzi hazikuwa neno. Wacera alitaka nisamehe. Jibu alikuwa nalo tayari, amelifanyia mazoezi mbele ya mashine: "Nimekusamehe, Mama Musimbi, tuyaache." Kilichokosekana ni mtu wa upande wa pili kuanza.

Akalipeleka shauri kwa Mwalimu Wabuge, mwenyekiti wa wapangaji, ambaye alifundisha Kiingereza mpaka akastaafu, na sasa anauza kalamu chumba namba moja.

"Mwalimu, sorry ni pole ama ni nisamehe?"

Wabuge alivua miwani. "Inategemea neno linalofuata, Mama Antony. Kuna sorry for, kuna sorry about, kuna sorry to. Yeye alisema gani?"

"Alisema sorry sana."

Mwalimu aliivaa tena miwani. "Hiyo sana haiko kwenye kamusi," alisema. "Kesi yako ni ngumu."

Huko namba saba wateja nao walikuwa na maoni yao. "Mama Musimbi, si umwambie tu hiyo nisamehe anataka, tupumzike?" mmoja alisema, na Kavetsa, bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria, akajibu, "Nimeshamwambia. Ama mnataka nimwambie na Kijapani?"

Hilo Wacera alilisikia vizuri, plaiwudi ikiwa plaiwudi. Alilihesabu kuwa ni kiburi.

Akaanza kubeba chai ya flaski kutoka nyumbani, nayo ilikuwa na ladha ya flaski. Jioni walifunga kufuli zao mlango kwa mlango, viwiko vikikaribia kugusana, kila mmoja akiwa na shughuli nyingi sana na kufuli yake. Wacera hakuwa na furaha na hali hiyo. Alikuwa na haki tu, na alikuwa anangoja.

Mwezi wa nane Kavetsa aliamua kurudi kwao Vihiga. Alisema ni magoti. Siku viti vilipotolewa Wacera aliendelea kufuma, ingawa sweta iliyokuwa kwenye mashine ilikuwa imekwisha. Kisha kivuli kikasimama mlangoni.

"Mama Antony, mimi naenda."

"Haya. Safari njema."

Kavetsa alibaki amesimama, mkoba begani. "Sorry kwa yote," alisema.

"Asante," Wacera akajibu.

Hivyo ndivyo mtu anavyojibu pole. Nisamehe haijibiwi asante mahali popote, na wote wawili walilijua hilo. Kavetsa aliitikia kwa kichwa kama aliyepewa chenji sahihi, akaondoka.

Baada ya siku kadhaa binti yake, Musimbi, anayefanya kazi maktaba ya chuo kule Chepkoilel, alikuja kuchukua sufuria kubwa na kibao cha hoteli. Wacera alimsaidia kukishusha. Alikuwa ameapa kutouliza, akauliza.

"Mama yako angepungukiwa na nini kuniambia nisamehe?"

"Hiyo anaambia Mungu," Musimbi alisema. "Hajawahi kumwambia mtu, hata baba."

"Na mimi ananiambia sorry, kama mtu amenyeshewa."

Musimbi aliweka kibao chini. "Mama Antony, unajua baba alikufia kiwandani, kule kwa mbao. Walikuja watu wengi, pole, pole, pole. Halafu akaja meneja wake, mtu mkubwa, akavua kofia hapo kwa mlango, akasema sorry. Hakuongeza kitu. Mama anasema hakuna mtu amewahi kumheshimu hivyo. Tangu siku hiyo neno hilo hatumii ovyo. Mimi nikianguka ananiambia pole."

Baada ya Musimbi kuondoka Wacera alikaa akaitafuta kichwani, katika miaka yote ile ya plaiwudi, sorry nyingine ya Kavetsa. Alikumbuka pole kwa walevi. Pole kwa aliyeungua na chai, pole kwa mteja aliyekuta mandazi yameisha, pole kwa paka. Sorry alikumbuka mbili, na zote alikuwa ameambiwa yeye.

Akapiga simu Vihiga.

"Mama Musimbi, ni mimi. Nimepiga kusema sorry."

"Sorry?"

"Ndiyo. Sorry."

"Sikusikii vizuri. Kuna nini, umefiwa?"

"Hapana."

"Ni Antony? Ameanguka na pikipiki?"

"Antony yuko sawa. Ni ile maneno ya masweta. Nasema sorry ya kwako niliikataa, na ilikuwa nzito."

Upande wa pili kuku walisikika, na mtu akiwafukuza.

"Aa, hiyo," Kavetsa akasema. "Hiyo si iliisha."

"Iliisha lini?"

"Siku nilikuambia sorry."

Wacera aliihamisha simu sikio la pili. "Basi rudi," alisema. "Nitafungua dirisha."

"Nilisharudisha funguo, Mama Antony. Na haya magoti." Kisha, kwa sauti ya zamani, ile ya upande wa pili wa plaiwudi, "Huko kunanyesha?"

"Kunanyesha."

"Pole," Kavetsa akasema.

Mwalimu Wabuge alipopata habari za simu hiyo aliitisha kikao, kwa sababu kamati ilikuwa haijawahi kumaliza jambo lolote na mwaka ulikuwa unakwisha. Wacera aliombwa asimame. Akaulizwa kama neno limetamkwa, akasema limetamkwa. Akaulizwa kama limepokelewa.

"Limepokelewa," alisema, na hakuna aliyemuuliza lini.

Chumba namba saba kina kinyozi tangu mwezi wa tisa. Anatoka Moiben. Ni mtu mpole, na hapiki chai.