Suruali Iliyozama Kabla Yangu

Nakiri mwenyewe, ili asitokee wa kunitangulia: mimi ndiye yule mwalimu wa Kilatini wa mtaa wa Kampemba aliyevuliwa suruali na maji mbele ya shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa. Mnaonicheka mna haki yenu, ila masimulizi yenu yana makosa, nami nimezoea kusahihisha.

Nje kidogo ya Ruashi kuna shimo la zamani la kuchimbia mawe, lililojaa maji tangu lilipoachwa, na humo kila Jumamosi nawafundisha watu wazima kupiga mbizi na kupiga picha chini ya maji (mji huu wa migodi unajua yote yaliyo chini ya ardhi, lakini yaliyo chini ya maji hauna habari nayo, jambo lililonikera miaka mingi). Majirani walilalamika kwamba nitaua watu, na shefu akaja kujionea mwenyewe, aamue kama masomo yaendelee au yafungwe.

Sasa, vazi langu la mpira la kupigia mbizi lilikuwa limetoboka makalioni, na mke wangu alikuwa ameliziba kwa kipande cha kitenge chenye maua mekundu. Mtu wa umri wangu asimame hivyo mbele ya kiongozi? Nikaamua kuvaa juu yake suruali yangu ya kufundishia shuleni, na katika kuhangaika na vifungo nikausahau nyumbani mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi, ambao bila huo vazi la mpira humfanya mtu aelee kama kizibo (wanafunzi wangu hukagua vifaa mara mbili kwa sauti; mimi siku hiyo sikukagua hata mara moja, kwa kuwa wageni walikuwa wakingoja).

Niliruka. Sikuzama. Nikajisukuma kichwa chini, miguu ikabaki juu ikipiga hewa.

"Mwalimu," akasema shefu, "unashuka ao unalala pa mayi?"

Nikajibu kwa utulivu kwamba bado najiandaa, nikaogelea hadi ukingoni, nikaanza kujaza mawe mifukoni. Mama Kabedi, mwanafunzi wangu anayeuza nyanya katika soko la Kenya (mtaa wa mji wetu, si ile nchi), akaninong'oneza, "Mwalimu, acha. Tutarudia juma ingine." Sikuacha; niliruka tena.

Mawe yalizama vizuri sana, tatizo ni kwamba yalizama na suruali. Kifungo kilikatika, suruali ikanitoka miguuni, nami nikarushwa juu makalio yakiwa mbele.

"Mwalimu ameota maua," mtu akasema, na ukingo wote ukacheka.

Katika mshtuko kidole changu kilikuwa kimebonyeza kamera niliyoishika, na shefu akadai kuona picha: suruali ya kijivu peke yake katika mwanga wa kijani, miguu imetanuka kama ya mtu anayewahi kazini. Alicheka hadi akaegemea gari lake. Kisha akajifuta macho. "Masomo tunafunga. Kama mwalimu yeye mwenyewe hawezi kuzama, banafunzi batafanya namna gani?"

Aliyemjibu ni Mama Kabedi. Alivaa vifaa vyake, akavitaja kimoja kimoja, mara mbili, bila kujali kwamba shefu anatazama saa, akampa mwenzake kamba aishike, akashuka. Alipoibuka aliiweka suruali yangu miguuni pa shefu.

"Nimefanya vile anatufundisha," akasema. "Ile alifanya yeye mwenyewe leo, hajatufundishaka."

Shefu akaitazama ile suruali. "Basi muendelee. Lakini kibali tutaandika mu jina ya huyu mama."

Ndivyo kilivyoandikwa. Tangu siku hiyo siingii majini mpaka mwanafunzi wangu aniruhusu, na naapa kwamba suruali ya heshima haitavaliwa tena juu ya vazi la mpira. Lakini niache kuzama kwa sababu watu walicheka? Watatu kati ya waliocheka zaidi wameshajiandikisha, na nawafundisha bila huruma.