Kwa Wenye Chongo Sikufumba Jicho

Naikumbuka hata leo, mwanangu, siku niliyokataa kuvaa kitenge cha uchaguzi katika nchi ya watu. Nilikuwa binti wa pale Mlowo, niliyekulia kwenye mashamba ya kahawa. Nikaolewa na Anyosisye, fundi wa malori, tukavuka mpaka wa nchi hapa Tunduma kwenda kuishi Kitwe, Zambia. Ninyi siku hizi mkisikia ughaibuni mnawaza ndege. Mimi nilivuka mpaka kwa miguu, beseni kichwani, na upande wa pili nikakuta jua lilelile. Ila watu wakaniita mgeni, nami nikajua kwamba nimefika mbali.

Sokoni niliuza mchele wa Kyela na dagaa. Jirani yangu wa meza alikuwa mama mtu mzima, muuza mboga, tukimwita BanaChanda, yaani Mama Chanda. Ndiye aliyenifundisha Kibemba, na kunyamaza pale pasiponihusu.

Ukaja uchaguzi wao. Vijana wa chama kimoja wakapita wakigawa vitenge vyenye sura ya mgombea wao. Mkubwa wao akaniwekea changu mezani.

"Mama Tanzania, kesho tukukute umekivaa. La sivyo, hapa pako patapata mtu mwingine."

Nyumbani Anyosisye akasema, "Kivae tu, mke wangu. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho."

"Macho yangu nayahitaji yote mawili," nikamjibu. "Kura yenyewe sina. Nibebe sura ya mtu nisiyemchagua?"

Asubuhi nikakikunja vizuri, nikawarudishia kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. "Asanteni, lakini mimi mgeni. Mambo ya nyumba hii ni yenu."

Kijana mmoja akalipiga teke beseni langu. Dagaa wote topeni. Niliinama, nikaokota waliosalimika, nikarudi kwenye kigoda changu nikakaa.

BanaChanda akainuka. Hakupiga kelele. Aliburuta meza yake ya mboga mpaka ikagusana na yangu, kisha akawauliza wale vijana, "Kura hana huyu. Uso wake mnautakia nini?"

Wanawake wa soko wakaangua kicheko, na vijana wakaondoka wakitukana. Majuma kadhaa wateja walinikwepa, maana woga nao huambukiza. Lakini meza sikuihamisha.

Nilidhani BanaChanda atanisifu. Wapi! Akaniambia, "Usijione shujaa. Kukataa ya wenzako ni rahisi. Ukirudi kwenu ukanyamaza, nitajua hapa ulikuwa na kiburi tu."

Maneno yale yaliniuma kuliko lile teke.

Miaka ikapita, Anyosisye akatangulia mbele za haki, nami nikarudi nikajenga hapa Mpemba, nje kidogo ya Tunduma. Juzi tuliitwa mkutano wa hadhara. Nikanyoosha mkono kuuliza maji ya bomba tuliyoahidiwa. Kijana mwenye kipaza sauti akatabasamu, akasema, "Bibi, si wewe Mzambia? Tuachie wenyewe." Watu wakacheka, naye akampa mwingine kipaza sauti.

Nikasimama hivyohivyo. Aliyenadi dagaa sokoni ujana wake wote hahitaji umeme ili asikike.

"Kule nilinyamaza kwa adabu, kwa sababu nyumba haikuwa yangu," nikasema. "Hii ni yangu. Kura ninayo. Maji yako wapi?"

Kicheko kikakatika. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Mjibuni bibi!" Viongozi wakajibu kama wanavyojibu siku zote, kwamba mchakato unaendelea. Maji hayajafika mpaka leo. Basi na mimi ninaendelea. Mkutano ujao nitakaa kiti cha mbele.

Safiri, mwanangu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Ukifika kwa watu, kula chakula chao, jifunze salamu zao, tii sheria zao, na ugomvi wa nyumba yao uwaachie. Lakini uso wako usimkodishe mtu, hata akikutisha. Ukirudi, usikubali uambiwe kwamba safari imekunyang'anya kwenu. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga walisema. Na anayekubali kukataliwa na kwao ana nafuu gani? Simama uulize. Wakikunyima kipaza sauti, uliza kwa kifua chako.

Mungu akulinde utokapo na uingiapo. Akupe jirani mwema ugenini, na nyumbani akupe sauti isiyokauka. Amina.