Singa za Farasi Jike

Kila theluji ikiyeyuka hapa bonde la Kiso mnanijia mkitaka habari za mvuvi wetu, kana kwamba sina kazi. Haya. Husokota mshipi kwa singa za mkia wa farasi dume tu, akilamba vidole, maana za jike hudhoofishwa na mkojo. Mwaka huu nilimpa za jike nikaapa ni za dume, nisionekane sina za dume. Mkewe mgonjwa alikuwa amekataa kila chakula ila samaki trauti wa mtoni. Trauti mkubwa aliponaswa na chambo cha mvuvi, inzi wa manyoya, mshipi ulitetemeka. Mvuvi hakuvuta, alimfuata taratibu, maji ya barafu yakimfika kifuani.

“Vuta, bwana! Unabembeleza mtoto?” nilifoka kutoka ukingoni, kuficha uongo wangu.

“Nivute kwa mkia wa jike, Bi Otsune?” akajibu bila kugeuka, akamkumbatia samaki.

Wewe mwenye farasi dume, nikatie singa uniletee leo. Nitampelekea mwenyewe, na safari hii sitaapa.