Chupa ya Chai ya Bi Mwanaidi

Mwanangu, jana pale Kariakoo ulinitia aibu, nikanyamaza kwa sababu sikutaka kukuaibisha na wewe mbele za watu. Umenunua chaja, chaja haichaji, umerudi nayo dukani. Sawa, haki yako. Lakini yule binti wa kaunta ulimfokea utadhani chaja ameitengeneza yeye, jikoni kwao. Nilimwona anavyomeza mate. Jina lake silijui wala ukoo wake, ila yeye namjua, maana niliwahi kusimama pale aliposimama.

Basi kaa. Hiyo simu igeuze kifudifudi, haitakufa. Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Jumamosi asubuhi, mimi kijana wa rika lako, na hadi leo nikiikumbuka hucheka peke yangu, kisha nikaona haya, kisha nikacheka tena.

Nilikuwa nimepata kazi kwenye duka moja la bei ya chini. Jina nalihifadhi. Lilikuwa na matawi mjini, na kila tawi liliandikwa mlangoni kwamba humo ndani hakuna kitu ghali. Ni kweli hakikuwamo. Wahenga walisema rahisi ni ghali, lakini wahenga hawakuwahi kuwa na foleni ndefu kama ile ya mlangoni kwetu. Tulivaa mashati ya njano, na mgongoni yameandikwa kwa herufi kubwa: NIULIZE MIMI. Nami, mwanangu, nilikuwa sijui chochote.

Kazi yangu ilikuwa meza ya malalamiko, na foleni ikiisha, kupanga maboksi. Kila aliyekuja nilipaswa kumwambia, "Karibu mteja wetu, nikusaidie nini?" Akishaeleza, nimwambie mali ikishauzwa hairudishwi, na meno yaonekane. Meneja wetu, Bwana Komba, alikuwa akisimama nyuma ya nguzo kuangalia kama meno yanaonekana kweli. Hapakuwa na shikamoo, hapakuwa na habari za asubuhi. Ni maneno yale yale, kwa mtoto na kwa babu yake.

Sheria nyingine ilikuwa hii: boksi halifunguliwi. Ukifungua, umenunua. Sasa wewe Kariakoo unaijua. Balbu haitoki dukani kabla haijawashwa mbele ya macho yako, na mwenye duka mwenyewe ndiye anayeiwasha. Chupa ya chai, watu wazima walikuwa hawainunui kwa macho kabisa. Wanafungua kifuniko, wanaitega sikioni. Chupa nzima huvuma, mvumo wa chini unaousikia kama umetulia. Chupa mbovu hukaa kimya. Duka letu lilikuja na gundi yake na maboksi yake, likawaambia watu waache masikio nje.

Lakini hayo ya dukani yalikuwa na nafuu, maana jioni tulifunga. Mtaani kwetu Mchafukoge hapakuwa na kufunga. Ukipata kazi dukani, watu hawasemi fulani kaajiriwa. Wanasema mtu wetu yuko pale. Na mtu wao akiwa pale, duka ni lake. Nimemaliza swala msikitini, nageuza shingo kushoto nitoe salamu, jirani yangu ananinong'oneza, "Sele, ile pasi yenu imeniunguzia kanzu." Yenu! Mimi pasi sikuwa nayo. Kanzu yangu niliinyoosha kwa kuilalia.

Ningevumilia yote hayo, kwa sababu wakati huo mshenga wangu alikwishapeleka posa kwa kina Rehema. Ndiyo, mama yako. Usitabasamu. Nilimpenda hadi chakula kikawa hakipiti. Posa imefika, na jibu halijatoka. Wajomba zake walikuwapo, lakini wajomba walikuwa wa kujaza mkeka tu. Neno lilikuwa kwa bibi yake aliyemlea, Bi Mwanaidi. Huyu aliuza chai ya tangawizi pale Feri, tangu alfajiri, na wakaanga samaki wote, watu wa kushika mafuta ya moto bila kushtuka, walimwogopa yeye. Nilikuwa nimeonana naye mara chache, na kila mara macho yangu yalikuwa kwenye vidole vya miguu yangu.

Haya. Jumamosi hiyo foleni ya malalamiko ilikuwa imepinda hadi kwenye masufuria. Mbele alikuwapo jamaa mmoja mwenye mwavuli uliokubali kufunguka ukakataa kufunga. Amesimama nao wazi humo humo dukani, maana hata kutoka mlangoni hawezi, sijui aliingiaje. Alikuwa akinisemesha kwa hasira. "Oya, nimetoka nao hivi hivi Buguruni! Watu wananiuliza mvua iko wapi!" Nikamwambia mali ikishauzwa hairudishwi, karibu tena. Akasema haondoki. Kwa kweli hata angetaka, angeondokaje?

Nikainua kichwa nimwite anayefuata, nikaona kanga na kapu. Macho yalimjua, moyo ukamjua. Lakini nyuma ya nguzo nikaona na kiatu cha Bwana Komba, na mdomo ukajiendea wenyewe: "Karibu mteja wetu, nikusaidie nini?" Na meno yote nje.

Bi Mwanaidi alinitazama kwa utulivu.

"Mimi ndiye nikusaidie wewe, baba," akasema. "Salamu umeidondosha wapi, tukaitafute?"

Foleni nzima ikacheka. Nikasema shikamoo, ikatoka nyembamba.

"Marahaba. Imechelewa, lakini imefika." Akatoa kapuni chupa kubwa ya chai, ya maua mekundu, akaiweka mezani. "Nilipokuja kununua hii, mwenzangu niliyekuja naye aliniambia kaulize kwanza. Nikamwambia, mtu wetu yule kule juu ya ngazi anapanga maboksi, namwona na mgongo wake, umeandikwa aulizwe yeye. Mwenye mtu wake dukani anauliza nini tena?"

Mwanangu, kuna aibu inayoanzia masikioni. Yule mama hakulaumu duka hata kidogo. Alikuwa ameliamini shati langu. Bwana Komba akakohoa nyuma ya nguzo, yaani endelea na kazi. Nikafungua mdomo niseme yale maneno ya mali ikishauzwa, na Bi Mwanaidi akanyanyua kiganja.

"Sijaja kurudisha kitu. Nimekuja kuwakaribisha chai."

Akavuta stuli ya plastiki kutoka kwenye bidhaa, akaketi, akapanga vikombe vyake na kopo la sukari juu ya meza ya malalamiko. Sasa nani wa kumkatalia? Mtu wa kwetu akikaribishwa chai na mama mtu mzima hasemi hapana, hata kama ametoka kunywa. Wa kwanza akawa yule wa mwavuli. Akapokea kikombe kwa mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili, akanywa.

"Ikoje?"

"Ina tangawizi nzuri, bibi."

"Tangawizi naijua, nimeitwanga mimi. Chai ikoje?"

Jamaa akatazama huku na huku. "Imepoa, bibi."

"Nimeitia alfajiri hii inachemka. Watu wangu wa Feri wanatoka kwenye maji na baridi mifupani, nawapa hii. Sasa wanavuka kwenda kwa muuza chai mwenzangu, na nisingekuwa mimi, ningevuka nao." Akamgeukia aliyefuata. "Karibu, mwanangu. Onja."

Wakaonja wote. Mmoja mwenye pasi mbovu akaonja, mama aliyesimama kwenye masufuria akaonja, wasichana wa kaunta wakaacha foleni zao wakaja kuonja. Kila aliyeonja aliulizwa chai ikoje, na kila mmoja alijibu kwa upole kwamba imepoa, maana hakuna anayeweza kufoka akiwa ameshika kikombe cha watu. Wale wale waliokuwa wakitaka kunipasua muda mfupi uliopita walikuwa wakisogezeana sukari.

Hapo Bwana Komba akatoka nyuma ya nguzo akiwa amevimba. Alipofika mbele ya yule mama, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Aliyetukataza shikamoo, mwenyewe ilimtoka bila kuitafuta. Kisha akajikaza akasema hapa si hotelini.

Bi Mwanaidi alimwitikia vizuri, kisha akanigeukia mimi. "Sele, niletee chupa nyingine. Ifungue, nisikilize."

"Sele," akasema Bwana Komba, "ukifungua hilo boksi, kazi huna."

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi yalikuwa yananiponyoka yote. Bila kazi, nani angenipa mke? Na nikimkatalia Bi Mwanaidi mbele ya watu wote wale, mke mwenyewe ningempata wapi? Niliogopa, nakwambia kweli. Nikamtazama yule mama, nikaona hasira hana. Ananisubiri tu niamue mwenyewe. Nikachukua boksi, nikachana gundi.

Akaitega sikioni. Akatikisa kichwa. Nikafungua ya pili, nayo kimya. Jamaa wa mwavuli akasema lete na mimi nisaidie, masikio ninayo. Kufumba na kufumbua foleni yote inasikiliza. Duka zima likanyamaza, watu wameegesha chupa za chai masikioni kama waliopigiwa simu na mtu mmoja, na Bwana Komba amesimama katikati ya maboksi akisema "Jamani, jamani." Mara jamaa wa mwavuli akapaza sauti, "Inavuma! Bibi, hii inavuma!" Watu wakampigia makofi utadhani amejifungua.

Bi Mwanaidi akaithibitisha kwa sikio lake. Kisha akamsogezea Bwana Komba stuli. "Kaa, mwanangu, unywe chai. Usiogope, haitakuunguza."

Na yule bwana akakaa. Alikunywa kikombe chote, akakitazama ndani, na ghafla akaonekana mtu aliyechoka sana. "Mama," akasema, "wakubwa wangu wako ofisini Upanga. Kila jioni wananipigia, kwa nini watu wanalalamika. Niwaambie nini? Hayo maboksi na mimi naletewa yakiwa yamefungwa hivyo hivyo."

Siku zote nilidhani aliye nyuma ya nguzo ndiye mwenye duka. Kumbe naye alikuwa na nguzo yake, na mtu nyuma yake.

"Wakija, waambie nilivyokuambia wewe," akasema Bi Mwanaidi. "Wakaribishe chai."

Bwana Komba akamwambia achukue ile inayovuma. Mimi akaniambia nivue shati. Alisema kwa huruma, lakini alisema. Neno alikwishalitoa mbele za watu na hakujua namna ya kulimeza. Basi nikatoka dukani na singlendi, nikakatiza Kariakoo mchana kweupe, wapiga debe wananiuliza nani kanipora. Nilipofika nyumbani nililia. Sikulilia shati. Nililia kwa kuwa nilijua Rehema ameondoka nalo.

Jioni mjomba wa Rehema akaja. Hakuketi. Alisema amechoka kutumwa na yule mama na anataka kulifikisha neno kama alivyopewa. "Bi Mwanaidi amesema kazi hutafutwa ikapatikana. Mke umepewa. Ila hadi utakapopata kazi, alfajiri uwe Feri unabeba kapu, na kila mteja unamwamkia wewe, kwa mdomo wako."

Nikabeba, mwanangu. Nikaamkia hadi ulimi ukalainika. Na siku moja pale Feri, katikati ya wakaanga samaki, nikamwona Bwana Komba kapanga foleni kwa adabu, boksi kwapani. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo, mama. Naomba unisikilizie na hii. Ni ya nyumbani kwangu." Ilikuwa kimya. Nilicheka hadi nikamwaga chai ya mtu.

Ile chupa mbovu Bi Mwanaidi hakuitupa. Siku ya harusi ilikuwamo kwenye vyombo alivyompa mjukuu wake, na mbele ya watu akanivuta sikio. "Hii ni yako wewe. Siku ukimkosea Rehema, nitakuja, nitaijaza, nami nitakukaribisha." Ndiyo hiyo ya maua mekundu iliyo juu ya kabati, unayouliza kila mwaka kwa nini haitupwi, na mama yako hucheka akanitazama. Yeye mzee ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini nikipandisha sauti humu ndani mama yako hutazama tu kule juu ya kabati, nami hushuka.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Ukidhulumiwa, dai. Aliyenyamaza na kitu kibovu mkononi amemsaidia mwuzaji. Lakini dai kwa namna ambayo aliye mbele yako anabaki mtu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Makali humfanya ajikunje zaidi, na yule wa kaunta si nyoka, ni mtoto wa watu aliyevishwa shati. Kosa limetoka mbali kuliko yeye. Na ikitokea siku shati umevaa wewe, usiruhusu mwajiri wako akuandikie salamu. Kazi utaikosa, utapata nyingine. Ukimpita mkubwa wako bila kumwamkia, utamrudia wapi? Na kila kitu kizuri kwa sura, mwanangu, kitege sikioni kwanza, hata mchumba, hata maneno yangu haya.

Kesho rudi dukani na chaja yako. Mwamkie yule binti, mwulize jina lake, mwombe radhi, halafu ndipo udai chaja, na udai kweli. Mungu akupe ulimi unaotangulia na salamu, akupe sikio la kujua kinachovuma na kilicho kimya, akupe wakwe wasiokuogopa, na riziki yako isije ikapoa njiani.

Sema amina. Haya, sasa nenda kamwambie mama yako tuletewe chai. Mwambie kwa adabu, asije akaishusha ile ya kabatini.